Nafasi ya Kiwakilishi: Vijineno na Vihusishi vya Kiingereza kwa Jicho la Sarufi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi vitenzi vya Kiingereza vinavyoungana na viwakilishi, vijineno na vihusishi. Hoja yake kuu ni kwamba nafasi ya kiwakilishi cha yambwa ndiyo inayofichua kwa uwazi zaidi tofauti kati ya kijineno na kihusishi, na kwamba umbo la kitenzi cha Kiswahili halimpi mwanafunzi dalili ya tofauti hiyo. Inapendekezwa kuwa vitenzi hivyo vifundishwe, na viingizwe katika kamusi thaniya, pamoja na kiwakilishi chake.

1. Utangulizi

Kiingereza kina vitenzi vingi vifupi ambavyo, vikifuatwa na neno dogo kama "up", "off" au "out", hupata maana mpya. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, aliitaja tabia hiyo kuwa chanzo cha ugumu mkubwa kwa wageni wa lugha. Istilahi ya Kiingereza inayotumika leo kuviita vitenzi hivyo, ambavyo hapa vinaitwa vitenzi virai, ilienezwa na Logan Pearsall Smith katika kitabu chake cha mwaka 1925. Naye alieleza kuwa aliipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford. Mwaka 1971 Dwight Bolinger alivitungia kitabu kizima.

Katika ufundishaji, vitenzi virai huchukuliwa zaidi kuwa tatizo la msamiati: mwanafunzi hupewa orodha ya maneno na maana zake akazikariri. Orodha hiyo huacha swali la kisintaksia bila jibu. Je, yambwa ikiwa kiwakilishi, kikae wapi?

2. Maneno yaleyale, miundo miwili

Tuchukue sentensi mbili: "She ran up a hill", yaani alipanda kilima mbio, na "She ran up a bill", yaani alilimbikiza deni. Kwa macho, zinatofautiana kwa herufi moja tu ya nomino. Nomino zikibadilishwa na kiwakilishi "it", tofauti hujitokeza: ya kwanza huwa "She ran up it", na ya pili huwa "She ran it up". Katika sentensi ya kwanza "up" ni kihusishi kinachounda kirai pamoja na "a hill". Katika ya pili "up" ni kijineno: ni sehemu ya kitenzi, na "a bill" ni yambwa ya kitenzi hicho kizima.

Majaribio mengine yanaunga mkono uchanganuzi huo. Kihusishi huweza kutangulia pamoja na kirejeshi chake, kama katika "the hill up which she ran", lakini "*the bill up which she ran" haikubaliki. Kielezi huweza kuingia kati ya kitenzi na kihusishi, kama katika "He looked carefully at it", lakini "*He switched quickly off the light" huvunja sarufi. Zaidi ya hayo, kijineno kwa kawaida hubeba mkazo, ilhali kihusishi kifupi kama "at" kwa kawaida hakina mkazo.

Jaribio la kiwakilishi, hata hivyo, ndilo jepesi na bayana zaidi. Yambwa ikiwa nomino, kijineno huruhusu mipangilio miwili: "Switch off the light" na "Switch the light off", zote zikimaanisha "Zima taa". Yambwa ikiwa kiwakilishi kisicho na mkazo, uhuru huo hutoweka: "Switch it off" ni sahihi, "*Switch off it" si sahihi. Kwa kihusishi hali ni kinyume: "Look at it" ni sahihi, "*Look it at" si sahihi.

Vitenzi vyenye viambata viwili hufuata kanuni hizohizo. Katika "put up with it" (kuvumilia), kiwakilishi huja mwisho kwa sababu kinatawaliwa na kihusishi "with". Katika "take it out on him" (kumalizia hasira kwa mtu asiyehusika), viwakilishi ni viwili: "it" hutangulia kijineno "out", na "him" hufuata kihusishi "on". Mwenye kuielewa kanuni anaweza kuupanga muundo huo bila kuukariri.

3. Sababu ya kanuni

Kanuni hii ina mantiki ya kitaarifa. Katika sentensi ya kawaida ya Kiingereza, mwisho wa kishazi ni mahali pa uzito: hapo huwekwa taarifa mpya na virai virefu. Ndiyo maana yambwa ndefu, kwa mfano "all the lights in the upper rooms", huelekea kufuata kijineno badala ya kukitangulia. Kiwakilishi hurejelea jambo ambalo tayari linajulikana, na aghalabu hakina mkazo. Kwa hiyo huvutwa karibu na kitenzi, na kijineno chenye mkazo huachiwa nafasi ya mwisho. Kihusishi hakiwezi kuachiwa nafasi hiyo kwa njia hiyo, kwa kuwa kiwakilishi ni yambwa yake chenyewe.

Kiswahili nacho hukiweka karibu na kitenzi kile kinachojulikana. "Nimesoma kitabu" na "Nimekisoma kitabu" hazilingani: kiambishi -ki- huashiria kitabu ambacho msikilizaji anaweza kukitambua. Tofauti ni kwamba Kiingereza hukiweka kiwakilishi mara baada ya kitenzi, ilhali Kiswahili hukiweka ndani, kabla ya mzizi.

4. Mahali Kiswahili kinapoficha tofauti

Hapa ndipo penye kiini cha ugumu. Mtu anayetaka kusema "litafute", akikusudia neno, anaweza kuhitaji "look it up" ikiwa neno hilo linatafutwa katika kamusi, au "look for it" ikiwa limepotea katika maandishi. Kiswahili kina umbo moja. Kiingereza kina miundo miwili yenye mpangilio tofauti wa kiwakilishi. Vivyo hivyo "izime" na "itazame" zina muundo uleule wa kiambishi cha yambwa na mzizi, lakini hulingana na "switch it off" na "look at it". Hakuna chochote katika umbo la Kiswahili kinachomdokeza mwanafunzi achague mpangilio upi. "*Switch off it" si uzembe. Ni kanuni ya kihusishi iliyopanuliwa kupita mipaka yake.

Aghalabu kazi ya kijineno hufanywa na mzizi au mnyambuliko wa Kiswahili. "Dig it up" ni "ifukue", ambapo kauli ya kutendua hukabiliana na "fukia". "Pull it out" huweza kuwa "ichomoe", kinyume cha "ichomeke". Kazi ya kihusishi nayo mara nyingi hufanywa na kauli ya kutendea: "they fought for it", ikiwa ni ardhi, ni "waliipigania", "a knife to cut meat with" ni "kisu cha kukatia nyama", "a chair to sit on" ni "kiti cha kukalia". Hata katika kauli ya kutendwa, "The bed has been slept in" hupata ulinganifu mwafaka katika "Kitanda kimelaliwa".

Hata hivyo, Kiswahili kina daraja moja la kufaa. Katika "alikuja nacho", -cho hushikamana na "na" na wala hakiwezi kutenganishwa nayo. "She came with it" ina mpangilio huohuo. Mwanafunzi akielezwa kwamba kihusishi cha Kiingereza humiliki kiwakilishi chake kama "na" inavyomiliki -cho katika "nacho", na kwamba kijineno ni mali ya kitenzi kama -u- ilivyo mali ya "fukua", huwa amepewa ufafanuzi unaotoka katika sarufi anayoimiliki.

5. Athari katika ufundishaji na tafsiri

Kutolingana huku hujitokeza katika Kiingereza cha Afrika Mashariki. "Pick" hutumika mahali pa "pick up", na "discuss about" huonekana mahali pa "discuss". Katika mfano wa pili, "kuzungumza kuhusu" huenda ikawa imechangia kuongeza kihusishi ambacho kitenzi cha Kiingereza hakikihitaji.

Mfasiri naye hukabiliwa na hatari ya upande wa pili. Akiona "for" na kulazimika kuitafutia neno lake, "wait for the bus" huweza kuwa "subiri kwa ajili ya basi" badala ya "subiri basi", na "they fought for it" huwa "walipigana kwa ajili yake". Tafsiri hiyo ya mwisho inaeleweka, lakini "yake" haibainishi kama kinachopiganiwa ni ardhi, nchi au mtu. "Waliipigania" huhifadhi ngeli ya kinachopiganiwa na huwa fupi zaidi.

6. Hitimisho

Orodha inayoweka "switch off" na "look at" bega kwa bega huficha jambo ambalo mwanafunzi analihitaji zaidi. Kitomeo cha kamusi thaniya kikiandikwa "switch it off: izime" na "look at it: itazame", neno moja fupi la nyongeza hubeba kanuni nzima ya mpangilio. Katika darasa, zoezi la kwanza linaweza kuwa kubadili nomino kuwa kiwakilishi kabla ya kuuliza maana. Maana za vitenzi virai zitaendelea kuhitaji kujifunzwa kimoja kimoja. Mpangilio wake, kwa upande mwingine, ni kanuni, na kanuni hufundishika.