Sikukuu ya Mwezi Mpevu Katika Hong Kong

Wachina, kama Waislamu wa pwani yetu, hufuata mwezi katika kuhesabu siku zao za heshima. Lakini mwaka wa Kiislamu huzunguka, hata Ramadhani huangukia mara kiangazi mara masika. Bali Wachina kila miaka miwili au mitatu huongeza mwezi wa 13, sikukuu zao zisipate kuachana na majira ya kilimo. Kwa hiyo siku ya 15 ya mwezi wao wa 8, ambayo ni sikukuu ya mavuno, haikosi kuangukia Septemba au mwanzo wa Oktoba.

Mwaka 2023, nilipokuwa nikikaa Hong Kong kwa ajili ya kazi, siku hiyo ilikuwa 29 Septemba. Usiku uliotangulia nilikwenda mtaa wa Tai Hang, ambao zamani ulikuwa kijiji. Wenyeji husimulia ya kuwa mwaka 1880, baada ya tufani, waliua chatu, kisha maradhi yakawashika watu wakafa wengi. Mzee mmoja akaoteshwa kwamba wacheze ngoma ya joka la moto siku tatu, na maradhi yakakoma. Tangu hapo joka hutengenezwa kwa majani makavu, urefu wake mita 67, likachomekwa maelfu ya vijiti vya udi vinavyowaka, na watu yapata 300 hupokezana kulichukua. Moshi ulinitoa machozi, wala sikutaka kuondoka. Jambo la ajabu ni kwamba ngoma hii ya kufukuza maradhi ilizuiwa na maradhi yenyewe, yaani Korona, ikarudi mwaka huo wa 2023. Vijana wengi walikuwa wakilishika joka mara ya kwanza, na wazee walikimbia kando yao wakiwapigia kelele za kuwaelekeza.

Lakini moyo wa sikukuu hauko barabarani. Wachina huona katika duara ya mwezi mfano wa jamaa waliotimia, na usiku ule kila awezaye hurudi kwao. Jirani yangu, mzee mjane, alinialika chakula. Mwanawe yu Toronto. Baada ya kula tuliletewa balungi, chai, na mkate wa mwezi, nao ni mdogo kama kiganja, umejaa mbegu za yungiyungi zilizopondwa na sukari, na katikati kiini cha yai la bata lililotiwa chumvi. Ni mzito mno, robo yatosha.

Mzee aliukata vipande vitatu, ingawa tulikuwa wawili. Kisha akampigia mwanawe simu, akaielekeza dirishani amwonyeshe mwezi. Kwetu ilikuwa saa 2 usiku. Kule saa 2 asubuhi, jua limekwisha kutoka, na kijana alikuwa amesimama akingojea basi la kazini. Hawakusema mengi. Simu ilipokatika mzee alikifunga kile kipande cha tatu katika karatasi, akanipa, akasema, “Chukua, Bwana, ukamlie.”