Kaka Yangu na Redio Iliyozimwa

Sogeeni karibu, wanangu, leo nawasimulia habari za kaka yangu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, kule Dodoma tulikokulia. Alipofika kidato cha nne akaanza kubadilika. Usiku halali. Chakula anakisukuma pembeni, anasema kimetiwa kitu. Siku moja nikamkuta ameifunika redio kwa khanga mbili za mama na mto juu yake. Nikamuuliza, “Kaka, kuna nini?” Akaninong’oneza, “Hata ikizimwa inanitaja.”

Majirani wakasema karogwa. Wengine wakasema ni mashetani. Mama alihangaika kwa waganga mpaka yeye na mjomba wakampeleka kaka Hospitali ya Mirembe. Sisi watoto tulilijua jina hilo kwa matusi tu: mtu akifanya la ajabu, huambiwa apelekwe Mirembe. Kumbe ni hospitali, yenye madaktari na wauguzi, na imekuwapo tangu 1927. Huko wakatuambia kaka ana skizofrenia.

Ugonjwa huu ni wa ubongo. Ubongo wenye afya hutofautisha mawazo yako mwenyewe na sauti zinazotoka nje. Kwa mgonjwa, kazi hiyo huvurugika, naye huweza kusikia watu wakisema hata chumba kikiwa kitupu. Hajifanyi, wala hasemi uongo. Mara nyingi huanza ujanani, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 20 wanao. Hauambukizi: kula naye sahani moja, lala naye chumba kimoja. Huweza kufuata ukoo, lakini ndugu wengi wa wagonjwa, karibu tisa katika kila kumi, hawaupati.

Dawa zipo. Ya kwanza, klopromazini, ilianza kutumiwa kutibu wagonjwa hawa huko Ufaransa mwaka 1952. Kaka alianza na vidonge, kisha akawa anachomwa sindano kila mwezi. Sauti zikapungua, ila mikono ikawa inamtetemeka. Mama akawa anammiminia chai nusu kikombe, akimaliza anamwongeza.

Na mimi je? Nilimwogopa. Shuleni waliponiita “mdogo wake chizi”, niliona aibu. Nilimkasirikia pia, maana macho yote ya nyumbani yalikuwa kwake, na ripoti yangu nzuri ilikaa mezani bila msomaji. Nikishakasirika, najiona mtoto mbaya. Tena niliamini aliugua kwa sababu tuligombania baiskeli. Muuguzi mmoja alinikalisha kwenye benchi la kliniki akaniambia, “Hukumfanya augue, na huwezi kumponya wewe. Hiyo kazi tuachie sisi.” Nililia pale pale, kwa nafuu niliyoipata.

Kama nyumbani kwenu yupo ndugu wa namna hii, shikeni haya. Akisema anasikia sauti, usibishane naye, wala usimdanganye kwamba nawe unazisikia. Mwambie, “Mimi sizisikii, lakini naona zinakusumbua.” Akiacha dawa au akianza tena kukesha, mwambie mkubwa mapema. Akisema anataka kujiumiza, usiifanye siri hata akikuapisha. Akighadhibika ukaogopa, toka ukimbilie kwa jirani. Kufanya hivyo si kumsaliti. Na mtafute mtu mzima unayemwamini, shangazi au mwalimu, umweleze yaliyo moyoni mwako wewe, si ya mgonjwa peke yake.

Kaka sasa ana mvi na genge la mboga. Ipo miezi anayoamka alfajiri kwenda sokoni, na ipo miezi anayorudi wodini. Genge likifungwa, wateja humuulizia kwa jina lake. Nanyi mwiteni ndugu yenu kwa jina lake. Siku akiwa na nafuu, chezeni naye bao, mcheke. Siku akizidiwa, waacheni wakubwa wamhudumie, nanyi mwende shule, mcheze, mlale. Mtoto mwenye ndugu mgonjwa bado ni mtoto, na ana haki ya kukua.