Kioo cha Motokari Kinapokataa Kupanda

Motokari iliyozeeka ina taabu zake. Mvua inaanza kunyesha, twabonyeza swichi ya kioo cha mlango, kioo hakipandi, na viti vyalowa. Wengi husema papo hapo: «Mota imekufa,» nao huenda kununua nyingine. Wasomaji wapenzi, tusiwe wepesi wa kufungua mfuko. Huenda mota ni nzima. Huenda waya ndio uliokatika.

Sababu ni hii: kati ya mlango na bodi ya gari, nyaya hupita ndani ya bomba la mpira. Kila tufunguapo mlango, nyaya hukunjwa. Miaka ikipita, shaba hukatika ndani, hali ganda la nje laonekana zima.

Basi tufuate utaratibu. Kwanza, tutazame fyuzi. Pili, tubonyeze swichi huku mwenzetu akiufungua na kuufunga mlango polepole: kioo kikishtuka, ugonjwa u penye bomba lile. Tatu, tuunganishe taa ya kupimia ya volti 12 kwenye nyaya mbili za mota, kisha tubonyeze swichi. Taa isipowaka, umeme haufiki. Ikiwaka vema, hapo ndipo tuishuku mota.

Kabla ya kuunga waya, tuitenge betri. Tuunge kwa risasi ya kulehemu, tufunike vizuri. Na fyuzi ikiungua, tusitie kipande cha waya mahali pake. Fyuzi hukubali kuungua ili motokari isiwake moto, pamoja na watoto wetu waliomo.