Maji Yasichafuke Njiani: Kuhamisha Maji kutoka Gari hadi Tangi la Nyumbani

Mgao wa maji unaporefuka, wakazi wengi hununua maji na kuyaleta nyumbani kwa pikapu yenye tangi, kisha huyapandisha kwa pampu ndogo hadi tangi la nyumba. Tatizo ni kwamba maji yaliyotoka safi kisimani yanaweza kuchafuka katika mita chache za mwisho, ndani ya mpira na tangi. Kipindupindu na homa ya matumbo huenea kwa maji kama hayo. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 ulifika kaunti nyingi nchini.

Anza na uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, kabla ya kuhesabu tangi lenyewe. Usizidishe mzigo unaoruhusiwa wa gari lako. Funga tangi kwa mikanda imara, na uendeshe polepole kwenye kona, hasa tangi likiwa nusu, kwa kuwa maji huyumba na kuvuta gari upande.

Usitumie tangi au mpira uliowahi kubeba mafuta, dawa ya mifugo au kemikali za shambani, hata ukiuosha. Tenga mpira wa maji ya kunywa pekee. Ukimaliza kazi, mwaga maji yote yaliyobaki ndani, uanike ukauke, kisha uzibe ncha zote mbili.

Pampu husukuma maji vizuri kuliko inavyoyavuta, kwa hivyo iweke karibu na tangi la gari. Nyingi hushindwa kuvuta zikiwa na hewa ndani: zijaze maji kabla ya kuwasha. Kabla ya kununua pampu, pima kimo hadi mdomo wa tangi la juu. Ikiwa ni mita 8, pampu ya mita 6 itanguruma bila kutoa tone. Tangi la nyumbani likiwa chini kuliko la gari, huhitaji pampu. Maji yatateremka yenyewe.

Ncha ya mpira isizame ndani ya maji ya tangi. Acha nafasi ya kiganja, la sivyo pampu ikizimwa maji yatarudi nyuma na kubeba uchafu. Pia, usiunganishe pampu moja kwa moja na bomba la mtaa. Huwanyima majirani maji na kufyonza maji machafu kupitia nyufa za bomba.

Pampu ya petroli iwashwe nje, mbali na madirisha. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Kwa pampu ya umeme, waya na soketi zikae mahali pakavu, na usizishike kwa mikono yenye maji.

Mwisho, tibu maji ya kunywa. Weka klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha usubiri dakika 30, au uyachemshe hadi yatokote.

Mtu wa nyumbani akianza kuharisha majimaji, mpe ORS na umfikishe kituo cha afya bila kuchelewa. Ukishuku maji unayouziwa, mjulishe afisa wa afya ya umma wa wadi yako. Ibara ya 43 ya Katiba inakupa haki ya maji safi na salama.