Kuku anakula, lakini anafaidi?

Ukizuru Chekalini, huko Lugari katika Kakamega, baada ya mavuno, hutakosa kuona kuku wakidonoa karibu na kinu cha kusagia mahindi. Pumba hazitupwi, ni chakula cha mifugo. Hata wewe uliye mjini, unayefuga kuku kadhaa nyuma ya nyumba, huenda unanunua pumba kama hizo. Na kama ujuavyo, chakula ndicho kinachomla mfugaji pesa nyingi zaidi. Je, wajua kuwa sehemu kubwa ya madini unayoyalipia humpita kuku tu na kuishia katika kinyesi?

Madini hayo ni fosforasi, ambayo hujenga mifupa. Takribani thuluthi mbili ya fosforasi iliyo katika nafaka imefungwa ndani ya kitu kiitwacho faiteti. Kuku na nguruwe hawawezi kuifungua vya kutosha. Ng'ombe hana shida hiyo, kwani vijidudu vilivyo tumboni mwake humfanyia kazi hiyo.

Mwanafunzi, hapa ndipo lile somo la vimeng'enya linapofaa. Kila kimeng'enya ni kama ufunguo wenye kufuli yake. Kile cha faiteti huitwa faitesi. Kilianza kuuzwa mwaka wa 1991 huko Uholanzi, ambako kinyesi cha nguruwe kilikuwa kikichafua maji. Kingine, zailanesi, huvunja nyuzinyuzi za ngano.

Kabla ya kununua, uliza kama chakula chako cha kiwandani tayari kimetiwa vimeng'enya, usije ukalipa mara mbili. Ukijichanganyia mwenyewe, fuata kipimo cha pakiti. Kwa kuwa dawa huwa kidogo sana, ichanganye kwanza na kilo moja ya pumba, kisha utie katika chakula chote. La sivyo kuku mmoja atapata nyingi na mwingine akose. Usipike mchanganyiko huo. Kimeng'enya ni protini, na moto hukiharibu.

Hata hivyo, usikitarajie kufanya miujiza. Kuku wa mayai bado anahitaji chokaa ili ganda liwe gumu. Wala faitesi haisafishi mahindi yenye kuvu. Sumu ya kuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka wa 2004. Mahindi yaliyooza usiyale, na kuku wako usimpe.