Nani atalipa mbegu ya kwanza?

Ninyi watu wa migodi mnajua jambo hili kuliko mimi. Mbele shimo halijatoa hata jiwe moja la shaba, kuna mtu ambaye amekwisha kutoa franga. Amelisha wachimbaji, amenunua kamba na taa, na bado hajaona kitu. Pengine hataona. Kampani kubwa nazo hufanya vile: hutoboa sondaje hapa na pale, na tundu nyingi hutoa udongo tu. Lakini pasipo yule anayelipa katika giza, hakuna mgodi.

Kazi ya elimu iko namna ile ile. Universite nyingi za ng'ambo ziko na mfuko mdogo unaoitwa fedha za mbegu. Profesa ao kijana mwenye ulizo jipya anaandika karatasi chache kuonyesha anachotaka kupima, na akikubaliwa anapewa franga kidogo za kuanzia. Tuangalie shamba moja ambamo mbegu za namna hii zimepandwa: mikrobiomi.

Mikrobiomi ni jamii nzima ya mikrobe wanaoishi juu ya ngozi yetu na ndani yetu, zaidi sana katika matumbo. Tumezoea kwamba mikrobe maana yake kolera na tifoide, basi wengi hushituka wakisikia kwamba wengine ni wasaidizi. Wanavunja vyakula ambavyo tumbo letu peke yake haliwezi, wanatengeneza vitamini fulani, wanazuia mikrobe wabaya wasipate makao. Katika mwaka 2016 wataalamu walipiga hesabu upya: mtu wa kilo 70 anabeba mikrobe karibu miliari 38.000, na wote pamoja uzito wao ni gramu 200 hivi.

Wengi wao hufa wakiguswa na hewa, kwa hiyo zamani ilikuwa vigumu sana kuwajua. Leo wataalamu huchukua choo kidogo, wanakiweka katika baridi kali, halafu wanasoma ADN iliyo ndani, kama vile karani anavyosoma majina katika daftari. Kwa kazi hiyo lazima vikopo safi, frigo kali na umeme usiokatika. (Hapa kwetu neno lile la mwisho linatosha kuchekesha watu.)

Sasa kizuizi ndicho hiki. Wenye franga nyingi, kama vile National Institutes of Health, ofisi kubwa ya serikali ya Marekani kwa utafiti wa afya, mara nyingi wanataka kuona ushahidi wa mwanzo mbele ya kufungua mfuko. Lakini ushahidi utatoka wapi kama hauna namna ya kupima hata watu kumi? Ni kama kuambiwa ulete samaki kwanza ndipo upewe ndoano. Fedha za mbegu ndizo ndoano.

Tarehe 13 Mei 2016 serikali ya Marekani ilitangaza mpango wa taifa juu ya mikrobiomi, na dola miliyoni 121 za serikali kwa miaka miwili. Universite nazo zikaahidi zao. Universite ya California kule San Diego ilisema itatia dola miliyoni 12 katika kituo chake cha mikrobiomi. Ile ya Michigan, pamoja na wasaidizi wake, miliyoni 3,5, ili wanafunzi ambao hawajapata hata diploma ya kwanza wafanye utafiti wa kweli. Hiyo ya pili inanipendeza zaidi.

Mbegu nyingine hufa, na si aibu. Aibu ni kunyamaza. Zile zilizoota husifiwa mbele ya watu wote, zile zilizokufa hazisemwi, na kesho mtu mwingine anapanda mbegu ile ile katika udongo ule ule.

Je, ulizo likikomaa linaweza kuzaa nini? Tuangalie bwaki, ugonjwa ambao mama wengi wa kwetu wanaujua: mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinageuka rangi, na majirani wanaanza kutafuta mchawi. Katika Malawi, Profesa Jeffrey Gordon wa Universite ya Washington kule St. Louis na wenzake walifuata jozi 317 za mapacha mpaka umri wa miaka 3. Katika jozi 43 kwa mia, pacha mmoja alikosa afya ya chakula na mwenzake akabaki mzima. Nyumba moja, mama mmoja, chungu kimoja! Basi si chakula peke yake. Walichukua mikrobe kutoka choo cha mapacha, wakawatia katika panya waliolelewa bila mikrobe yoyote, wakawalisha chakula cha Malawi. Panya waliopokea mikrobe za mtoto wa bwaki walikonda sana. Matokeo yalitolewa mwaka 2013. Wala si mchawi, wala si jirani.

Kazi ile haikuwa ya franga kidogo tena. Ilifika mpaka Bangladesh, ambako Dokta Tahmeed Ahmed na wenzake walijaribu chakula cha kulisha mikrobe wazuri: dengu, soya, karanga na ndizi mbichi. Mwaka 2021 walionyesha, kwa watoto 118 waliokonda, kwamba chakula hiki kilisaidia uzito kupanda kuliko chakula cha msaada cha kawaida, hata kama nguvu yake ya kalori ni ndogo. Lakini mama asichanganye dawa yake nyumbani: mtoto aliyevimba apelekwe kwa munganga leo.

Iko neno moja linanisumbua. Mwaka 2022 wataalamu walihesabu vipimo vya mikrobiomi vya watu vilivyowekwa wazi ulimwenguni. Katika vile ambavyo inchi yake inajulikana, zaidi ya 71 kwa mia vilitoka Ulaya, Marekani na Kanada. Si ajabu. Katika mpango mmoja wa Marekani ulioanza mwaka 2012, American Gut, mtu alichanga dola 99 ili choo chake kisomwe. Kipimo kinafuata mfuko.

Mtoto wa Kolwezi anayekula bukari na sombe, anayecheza katika vumbi la mgodi, yuko na mikrobe gani? Kijana wa uganga katika Universite ya Lubumbashi anaweza kuanza ulizo hili na vikopo hamsini na frigo moja. Wakubwa wa universite, na kampani ambazo hulipa sondaje bila kulalamika, waseme ni nani atalipa vile hamsini.