Mama, Jenga Ghala Lako Nyuma ya Nyumba

Ni mwezi wa Julai. Mahindi yamevunwa, na katika nyumba nyingi za Iringa, Mbeya na Songea utayakuta magunia yamepangwa chumbani, mengine kando ya kitanda cha watoto. Usiku panya wanakimbizana juu yake. Asubuhi mama anafagia unga mweupe uliodondoka sakafuni akidhani ni vumbi la ukuta. Si vumbi, mama. Hicho ni chakula cha mwezi wa Februari kinaliwa.

Baba naye akiona hivyo husema, "Mama watoto, tuyauze tu kabla hayajaisha." Mnunuzi yuko mlangoni na lumbesa yake, na bei ya Julai ndiyo ya chini kuliko zote. Ikifika Januari, familia ile ile inakwenda sokoni na debe, kununua kwa bei ya juu mahindi kama yale iliyoyauza. Hawakuuza kwa sababu walihitaji fedha siku ile. Waliuza kwa sababu hawakuwa na mahali pa kuyaweka.

Wako watakaotukumbusha yule tajiri katika Injili ya Luka aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi. Huyo alikuwa na ziada ya kumlevya. Sisi tunazungumzia magunia kumi na mawili ya kulisha watoto, na hapo heri tumfuate Yusufu kule Misri.

Ghala dogo la mahindi halihitaji fundi wa kulipwa. Mwanamke na jirani yake, pamoja na kijana wa kuchimba mashimo, wanaweza kulimaliza kwa siku chache. Mimi nimejenga mawili. La kwanza lilikuwa zuri kwa macho, lakini nililiegemeza karibu na rundo la kuni na nguzo zake zilinifika magotini. Panya waliruka kutoka kwenye kuni wakaingia kana kwamba nimewajengea wao.

Basi chagua mahali pakavu, penye upepo, mbali na miti, kuni na paa la jiko, angalau hatua mbili kila upande. Upande mrefu wa ghala uukabili upepo ili upite katikati ya mahindi. Chimba mashimo sita yenye kina cha nusu meta. Nguzo zimenywe magome kabisa, na sehemu itakayoingia ardhini ipakwe mafuta machafu ya gari kuzuia mchwa. Sehemu ya juu isipakwe, maana mafuta hayo hayapaswi kukaribia chakula.

Sakafu ya fito iwe meta moja juu ya ardhi, isipungue. Chini yake kidogo, kila nguzo ivalishwe kofia ya bati, kama faneli iliyoinamishwa mdomo chini. Debe kuukuu likikatwa na kukunjwa linatosha. Panya akipanda nguzo hufika kwenye kofia akakosa pa kushika. Lakini kofia zote sita ni bure ukiacha ngazi imeegemea mlangoni usiku! Ngazi iwe ya kuondoa.

Upana usizidi meta moja na nusu, na wenye mvua nyingi wakati wa mavuno wapunguze hata chini ya meta moja. Ghala pana hukauka kandokando tu, katikati mahindi yakavunda. Ukitaka nafasi zaidi, ongeza urefu. Kuta ziwe za fito au mianzi yenye nafasi za kupitisha hewa, na paa la bati au nyasi lishuke nje ya kuta nusu meta ili mvua ya upepo isipenye.

Sasa tuseme juu ya adui mkubwa. Dumuzi alitoka Amerika ya Kati akaonekana kwetu Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha Taveta nchini Kenya mwaka 1983. Asili yake ni mdudu wa kutoboa miti, ndiyo maana hujificha ndani ya fito za ghala la zamani akingoja mavuno mapya. Kabla ya kujaza, toa punje zote za mwaka jana, fagia, na fito zilizotobolewa zitie motoni. Tena hupenda punje iliyoshikwa imara kwenye gunzi. Mama zetu waliweka mahindi na maganda yake mwaka mzima, na walifanya vema kwa siku zao. Dumuzi hakuwapo.

Kwa hiyo ghala hili litumie mara mbili. Kwanza ni la kukaushia: weka mahindi yaliyomenywa maganda, uyaache kiangazi. Kabla mvua za Novemba hazijaanza, yapukuchue. Yapepete, changanya na dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka, kisha uyarudishe ghalani katika magunia. Chagua dawa yenye sumu mbili ndani yake, kwani moja huua fukusi na nyingine humuua dumuzi. Fuata kipimo cha kwenye pakiti, usikisie kwa kiganja. Asiyetaka dawa anunue mifuko isiyopitisha hewa, ambayo wadudu hufa ndani yake kwa kukosa pumzi. Ila panya akitoboa mfuko huo kazi yake imekwisha, kwa hiyo kofia za bati bado zinahitajika.

Usipukuchue kabla hujapima. Chukua chupa kavu ya kioo, tia vijiko vichache vya chumvi iliyokaushwa juani, ongeza punje hadi theluthi ya chupa, funga na utikise dakika kadhaa. Iache robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado ni mabichi. Yaanike tena juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Hili si jambo la kudharau. Mahindi mabichi huota kuvu, na sumukuvu haionekani kwa macho wala haitoki kwa kupika. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi ya namna hiyo. Mwaka 2016 msiba kama huo ulifika Dodoma na Manyara, na wengi wa waliougua walikuwa watoto.

Limebaki la ufunguo. Nimeona nyumba zilizojenga ghala zuri kisha zikagombana juu ya kufuli lake: baba anatoa gunia la kulipa deni bila kusema, mama anatoa debe la kununua sare za shule bila kusema. Kabla ya kufunga mlango, kaeni wawili mhesabu. Familia ya watu sita inakula gunia moja kwa muda gani? Mangapi ni ya mbegu, mangapi ya ada, mangapi ya kuuza Januari? Sisi tuliandika kwa chaki nyuma ya mlango wa ghala, na kila gunia linapotoka anayelitoa anapiga mstari. Mwaka wa kwanza baba watoto alicheka akauliza kama nimefungua benki. Mwezi wa Februari ndiye aliyekwenda kuhesabu mistari, na yalikuwa yamebaki matano.